Koti Nyuma ya Mlango

Kiinua mgongo kimeingia Jumanne,
na mgongo wenyewe haujainuka.
Miaka thelathini na moja pale kituoni Wete
nimepima karafuu za watu,
nimezivunja kwa ukucha nikisikiliza:
ikilia tak, imekauka; ikinyamaza, irudi juani.
Pua yangu ilitangulia kustaafu.
Mgeni akishuka bandarini husema, "Lo, kisiwa kinanukia!"
Mimi nasikia chumvi na moshi wa kuni, basi.

Cherop ananiandikia kutoka Kapchorwa.
Tulisoma pamoja ukaguzi wa mazao, mwaka wa themanini na sita,
yeye wa kahawa, mimi wa karafuu,
chumba kimoja, tukibishana zao lipi lina wivu zaidi.
Anasema: Njoo, Mize. Kuna nyumba ya vyumba viwili,
bati jipya, maji ya mlima yanakuja yenyewe,
kodi ya mwezi haifiki bei ya pishi nne.
Usiku utajifunika mablanketi mawili.
Na mibuni ikichanua, anasema, mlima mzima
ni kama bibi harusi kapita na asumini zake,
na hakuna aliyeona kaelekea wapi.

Mibuni! Kahawa nimeinywa tangu sijajua kufunga kanga,
ile chungu, ya kikombe kisicho mkono,
na ua lake sijaliona hata siku moja.
Ni kama kula kwa mtu miaka sitini
bila kumjua mama yake.

Nimefanya hesabu nyuma ya kalenda.
Pasi. Basi la siku mbili toka Dar. Dawa za presha.
Magoti na mteremko wa sokoni: hapo nikaweka alama ya kuuliza.
Kibla: kaskazini ileile, imeelemea kidogo mashariki.
Samaki: sifuri.
Nikaandika tena, kwa herufi kubwa, SAMAKI,
nikaipigia mstari.

Mwanangu Kaije kasikia, kapiga simu toka Maskati:
"Mama, watu wakizeeka hukimbilia kwao. Wewe unakukimbia?"
Nikamwambia, wewe uko wapi?
Tukanyamaza wote wawili, salio linakwisha.

Chake, kwenye mitumba, nilinunua koti,
zito, rangi ya korosho iliyoungua.
Nikalivaa chumbani, mwezi wa Machi, dirisha nimefunga,
nione nitakuwa nani.
Bimkubwa wa jirani akachungulia: "Una homa?"
Nikasema ndiyo.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya treni, mji hausomeki.
Kumbe koti limetembea kuliko mimi.

Kisha Cherop akatuma kilo moja ya buni, mbichi, za kijani kijivu.
Nikazimwaga ungoni. Mkono haukuniuliza:
iliyotobolewa huku, iliyovunjika kule.
"Daraja la pili," nikasema peke yangu, kwa sauti ya ofisi.
Nikazikaanga chunguni,
na harufu ikanipiga,
wallahi ikanipiga, kama mtu kaniita jina la utotoni.
Nikakaa chini, mwiko mkononi,
nusu yake zikaungua.

Usiku ule nikamwandikia swali moja,
lile ambalo sikuliweka kwenye kalenda:
Kuna mwanamke huko ajuaye kuosha maiti wa Kiislamu?

Jibu limekuja leo.
"Yupo Hajati Zamzam, nyuma ya kinu cha kahawa.
Nilimuuliza mwaka jana, kabla sijakwambia uje.
Anasema mikono yake ina baridi, umsamehe."

Nimesoma mara tatu.
Nimecheka, nadhani ni kucheka.
Wingu likasimama upande wa Kojani,
Bimkubwa akapiga ukelele, "Anueni!"
nikatoka mbio na goti langu
kumsaidia kukunja majamvi.
Karafuu zake nimezikumbatia kifuani, zina joto la jua bado,
matone ya kwanza yananigonga mgongoni.
Nikanusa.
Si kitu.
Nikanusa tena.